Betri ya Gari la Mikate

Umoja, Nairobi
9 Machi 2025

Adongo mama,

Barua yako niliichukua jana Eastleigh, kwenye ofisi ya basi la Marsabit, pamoja na lile kopo la samli. Samli nimeila peke yangu, sikumgawia mtu.

Unaniambia utakuwa ukinitumia ujumbe kwa simu. Usitume. Ujumbe wa simu ni kama mtu anayegonga mlango na kukimbia, na mimi hata huko kugonga sikusikii. Masikio yangu unayajua, miaka thelathini na moja katika kiwanda cha misumari iliyamaliza. Andika kwa kalamu. Barua huisoma mara tatu, na ya tatu huwa ndiyo tamu.

Lile gari la mikate nililonunua kwa kiinua mgongo limeanza kufanana na nyumba. Nimeweka kitanda, sinki, kabati la sufuria, na friji ndogo ya kuwekea maziwa. Dirisha nimelikata ubavuni, katikati ya tangazo la mkate, ndiyo maana herufi zilizobaki hazisomeki tena. Gari liko katika yadi moja ya magari huku mtaani Lucky Summer, mimi huenda kila asubuhi na kurudi jioni. Mama yako alikufa akisema siku moja tutakuja kuona huko unakofanya kazi. Basi nitakuja mimi, na nitalala garini mwangu, nisikusumbue kwenye chumba chako kimoja.

Sasa nimefika kwenye betri. Kuna duka mjini linauza betri ya lithiamu iliyo tayari, sanduku jeusi lililofungwa pande zote, unaunganisha waya mbili basi. Na kuna bwana mmoja Industrial Area anauza seli zilizotolewa kwenye pikipiki za umeme, unajitengenezea mwenyewe. Nimenunua seli nne. Tatu zinasoma volti tatu nukta tatu. Ya nne inasoma mbili nukta nane.

Nina maswali matatu. Nizichaji kwanza moja moja, au nizifunge pamoja zisawazike zenyewe? Vile vipande vya shaba vya kuziunganisha viwe na unene gani? Na nati nizikaze kwa nguvu kiasi gani, maana ncha zake naona ni laini?

Fundi ni wewe. Nangoja.

Baba yako,
Jackton Opiyo


Marsabit
21 Machi 2025

Kwa Baba,

Nimefurahi kujua gari linaendelea. Kuhusu betri, tafadhali nunua ile ya duka.

Sikatai kwamba unaweza kuitengeneza. Shida ni seli zenyewe. Seli za pikipiki zimekwisha kukimbizwa. Moja ilipanda mlima kila siku, nyingine ililowa mvua, nyingine ilichajiwa vibaya na mtu usiyemjua. Ukizifunga pamoja, ile dhaifu hujaa upesi kabla ya wenzake, nayo chaja haijui, inaendelea kuijaza. Hapo ndipo huvimba. Hiyo yako ya nne, yenye mbili nukta nane, irudishe kwa huyo bwana hata kama hatakupa kitu.

Betri ya duka ina kadi ya ulinzi ndani, ile wanayoita BMS, inayoikata seli isije ikazidi. Ina dhamana ya miaka mitatu. Hapa kwetu kazini, friji za chanjo zote tumezitilia betri za kununua. Hakuna tena anayeruhusiwa kujitengenezea.

Nimebanwa sana na kazi, kwa hiyo sitaweza kukuchorea mchoro. Nisamehe pia kwa kutokuja ile Krismasi, barabara ilikuwa mbaya.

Adongo


Umoja, Nairobi
2 Aprili 2025

Adongo mama,

Nilikuuliza maswali matatu, umenijibu la nne ambalo sikuuliza.

Nimekusikia. Seli mbovu niliirudisha, nikabadilishiwa na nyingine inayosoma sawa na wenzake. Lakini ya kununua sitaki. Nilifika pale dukani nikaishika. Yule muuzaji, binti mmoja anaitwa Wanja, alikuwa mpole, akaniandikia kila kitu kwenye karatasi alipoona sisikii. Nikamwandikia, ikiharibika nitafanya nini? Akaandika, utaileta tutakupa nyingine. Nikatoka. Mtu aliyerekebisha mashine za watu miaka yote hiyo, akija kuzeeka anapewa sanduku na kuambiwa asiguse.

Tena kuna raha yake. Asubuhi napima kila seli, naandika kwenye daftari. Mchana nakata shaba, nasugua. Siku inakwisha na bado kuna kitu cha kufanya kesho.

Hapa nyumbani hakuna jipya. Kiti cha mama yako kiko pale pale karibu na dirisha. Celine wa mlango wa pili anakusalimu, anauliza kama umepata mchumba huko kwa ngamia.

Kwa hiyo narudia. Unene wa shaba, na nguvu ya kukaza nati. Na swali jipya: hizo seli nizibane kwa mbao pande zote, au niziachie nafasi ya kupumua? Jibu kwa kirefu.

Baba yako,
Jackton Opiyo


Marsabit
16 Aprili 2025

Kwa Baba,

Shaba, unene wa milimita mbili. Nati, kaza kwa spana fupi mpaka ikatae, kisha usiongeze hata kidogo. Zibane kwa mbao, lakini acha upenyo wa karatasi nene kati ya seli na seli. Chaji moja moja kwanza.

Nimekutumia kwa basi kadi ya ulinzi na kifaa kingine kidogo cha manjano. Kifunge kwenye seli zote nne. Moja ikizidi kipimo, kitapiga kengele kali sana. Ukiisikia, zima chaja, ufungue milango, utoke nje.

Nakuomba jambo moja, Baba. Usilale garini wakati inachaji.

Adongo


Umoja, Nairobi
30 Aprili 2025

Adongo mama,

Vitu vimefika. Nimefunga kila kitu kama ulivyoandika, na Jumamosi iliyopita, saa kumi alasiri, taa ya gari la mikate iliwaka. Niliizima nikaiwasha tena, mara nyingi. Nilitamani kumwonyesha mtu. Mafundi wa yadi walikuwa wameshafunga kazi.

Kadi ya ulinzi inanisumbua kidogo. Kila friji ikianza, inakata umeme wote, maziwa yananiharibikia. Nimeiruka kwa waya, umeme upite kando yake, kwa muda tu, mpaka unieleze namna ya kuirekebisha.

Mwezi wa nane mama yako atatimiza miaka miwili tangu atutoke. Ungeweza kuja? Ukija nitakuonyesha betri. Ikiwa kuna mahali nimekosea, utaniambia uso kwa uso, na ukiongea polepole nikiangalia midomo yako huwa naelewa.

Baba yako,
Jackton Opiyo


Lucky Summer
12 Mei 2025

Kwa Dada Adongo,

Asalaam aleikum. Hunijui. Mimi naitwa Shamso, nauza chai na mikate ya anjera hapa getini kwa yadi, Lucky Summer. Adresi yako nimeitoa kwa bahasha ya babako. Namba yako amekataa kunipa, anasema huko kazini utashtuka bure. Lakini mimi nina baba pia, ndio maana naandika.

Jana Jumapili yadi ilikuwa imefungwa, hakuna fundi hata mmoja. Mimi nilikuja kuosha masufuria. Nikasikia kitu inalia, piii piii piii, nikadhani ni simu ya mtu. Nikaendelea kuosha. Ikalia kama nusu saa hivi. Halafu nikaona moshi mweupe kwa dirisha la gari ya mzee.

Nilipiga ule mlango na sufuria mpaka ikabonyea. Baadaye nikakumbuka mzee hasikii. Nikafungua mwenyewe. Alikuwa amelala na viatu, na hiyo kitu inalia karibu na kichwa yake, na moshi umejaa. Nikamvuta kwa miguu. Nuradin wa kinyozi akakuja na mchanga, akamwaga. Godoro imeungua upande mmoja, na mkono wake wa kushoto umebabuka, si sana. Tulimpeleka zahanati, akafungwa. Anakunywa chai saa hii ninapoandika, na ananiuliza naandikia nani.

Dada, kuna kitu ingine sijui kama unajua. Mzee anaishi hapa. Hiyo gari ndio nyumba yake tangu mwezi wa pili. Hatusumbui, anafagia mpaka mahali pangu, na asubuhi akitoka anasalimia kila mtu mmoja mmoja kwa mkono. Mimi nilidhani hana mtoto. Siku alinionyesha barua zako, nikashangaa.

Usikasirike na mimi.

Ni mimi,
Shamso Hirad


Marsabit
16 Mei 2025

Kwa Baba,

Shamso ameniandikia. Nimesoma barua yake nikiwa nimesimama kwenye ofisi ya basi, na watu wakanipisha kiti.

Nilikutumia kengele. Fundi mzima, mwanao wa kuzaa, nilikaa nikachagua kengele yenye sauti kubwa kuliko zote, nikaifunga vizuri kwenye karatasi, nikaituma kwa mtu ambaye tangu nikiwa shule ya msingi nazungumza naye kwa kuandika. Sijui niliwezaje kusahau. Ni kukaa mbali.

Nimempigia Wanja wa lile duka. Betri ya kununua italetwa yadini Jumanne, na mtu wa kuifunga atakuja nayo. Hutakuwa na haja ya kugusa chochote. Zile seli nne mpe atakayezichukua azitupe panapostahili.

Kwa nini hukuniambia umehama?

Adongo


Yadi, Lucky Summer
24 Mei 2025

Adongo mama,

Betri imefika. Bwana aliyeifunga anaitwa Mohamednur, alitumia dakika ishirini. Friji inanguruma usiku kucha, nikiweka kiganja juu yake naihisi. Taa haififii. Nilitafuta kasoro nikuandikie, sikuipata.

Umeniuliza kwa nini sikukuambia. Nitajibu, kwa kuwa sasa naandika anwani ya kweli hapo juu.

Mama yako alipoondoka, niligundua kwamba ni yeye aliyekuwa akisikia kwa niaba yangu. Mtu akigonga, yeye alijua. Sufuria ikichemka, yeye alijua. Baadaye mle ndani mkawa hamna hata dalili kwamba niko hai. Mwezi wa kwanza mwaka huu niliugua homa, nikalala siku tatu. Siku ya nne nilipofungua mlango, nilikuta karatasi ya Celine imesukumwa chini yake, ya tangu siku ya kwanza, ameandika: nimegonga sana, umesafiri? Nikasema, siku nitakayokufa watu watasema nimesafiri. Nikampa Celine kile kiti, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo. Hapa yadini nisipotoka kufika saa mbili asubuhi, mtu atakuja kuchungulia dirishani. Ni hilo tu nililohamia.

Na kuhusu seli. Pesa za betri ya duka nilikuwa nazo. Ulidhani ni ubishi wa wazee, nami nikakuacha udhani hivyo. Kabla sijanunua zile seli, barua zako zilikuwa zinakuja mbili kwa mwaka. Nilipokuuliza juu ya betri, ulijibu ndani ya wiki mbili. Nikaona, kumbe nikiwa na swali la kazi, mwanangu ananijibu. Basi nikawa natafuta maswali. Unene wa shaba nilikuwa naujua. Nimefanya kazi na shaba tangu kabla hujazaliwa.

Sasa betri haina swali. Inafanya kazi.

Nilipoona gari la duka linaingia getini, nilidhani umekuja nalo.

Baba yako,
Jackton Opiyo


(Karatasi za daftari, zilizoandikwa kwa zamu ndani ya gari la mikate, Lucky Summer, Jumamosi, 7 Juni 2025)

Baba, niko hapa mbele yako lakini naomba niandike. Hili nikilisema kwa mdomo nitalia, na nikilia hutaweza kusoma midomo.

*Andika. Nitanyamaza.*

Krismasi barabara ilikuwa nzuri. Sikuja kwa sababu ya mtu anaitwa Nzivo, mwenzangu wa kazi. Mwezi wa kumi na moja nilitengeneza betri ya gari la kliniki, lile linalozunguka vijijini na kulala huko huko. Za kununua zilikuwa zimechelewa, nikasema nitaijenga mwenyewe. Seli kuukuu, kama zako. Nilikuwa na haraka. Nati moja sikuikaza. Nzivo ndiye aliyeenda kuwasha, ikashika moto. Mikono yake yote miwili iliungua mpaka kwenye viwiko.

*Yuko hai?*

Yuko hai. Yuko kwao Makueni. Vidole vya kulia havikunjiki. Baba, tangu siku hiyo sijashika spana. Wamenipa kazi ya kuandika orodha za stoo, nami nimekubali. Ulipokuwa ukiniandikia "fundi ni wewe", nilikuwa naiweka barua kando siku mbili kabla sijaweza kuijibu. Ndiyo maana nilisema nunua, nunua.

*Umekwenda kumwona?*

Nilikwenda hospitali mara moja. Alikuwa amelala. Nilisimama mlangoni nikaondoka. Sijamwandikia.

*Sikiliza. Mwaka wa tisini na nane kulikuwa na mtu kiwandani anaitwa Seth. Mashine niliyoirekebisha mimi ilimla vidole viwili. Hakuna aliyenilaumu. Nami sikwenda kumwona. Nilisema nitakwenda Jumapili, Jumapili ikawa mwezi, mwezi ukawa aibu. Alikaa Kayole miaka kumi na mitano, na mimi kila nikimwona kwa mbali kule Spine Road nilivuka upande wa pili. Mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu nikasikia amefariki. Mama yako peke yake ndiye aliyejua. Hilo silitaki likupate wewe.*

Nitamwambia nini?

*Sijui. Mimi sikufika mahali pa kujua.*


Makueni
15 Juni 2025

Kwa Baba,

Nimekuja. Nakuandikia kutoka kituo cha mabasi cha mji wa Wote, basi halijajaa.

Nyumba ya Nzivo iko juu ya kilima, unaiona kwa nusu saa kabla hujaifikia, kwa hiyo na yeye aliniona mapema. Alinipokea kwa kiwiko badala ya mkono.  Akasema nikae, atanitengenezea chai. Mke wake alikuwa shambani. Nikainuka nimsaidie, akatikisa kichwa. Baba, ile chai ilichukua muda mrefu kupita chai zote nilizowahi kungoja. Kiberiti alikishika kwa meno. Nilikaa kwenye kiti nikamtazama mpaka mwisho, sikugeuza uso. Nafikiri ndicho alichotaka.

Tulipokwisha kunywa nikamwambia, ni nati moja sikuikaza, nilijua na sikusema kwa mtu. Akasema alijua pia. Aliiona imelegea alipofungua sanduku, akaona uvivu kurudi kuchukua spana. Tangu mwezi wa kumi na moja amekuwa akingoja nije aniambie hilo, maana kila mtu aliyemtembelea alimpa pole naye akashindwa kuwajibu. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Mbona hata barua?"

 

Nilimsimulia habari zako na gari la mikate. Alicheka kuhusu kengele, nami nikacheka, ingawa mpaka sasa sijui kama ilikuwa haki kucheka. Akauliza betri ya sasa ni ya kujenga au ya kununua. Nikasema ya kununua, na imefungwa na mtu wa duka kwa dakika ishirini.

Akakunja uso. Akasema, "Fundi, dakika ishirini ni chache. Nenda ukakague nati za nje wewe mwenyewe. Mzee analala humo."

Aliniita hivyo kama kawaida, kama tulivyokuwa tukiitana kazini.

Basi linataka kuondoka. Nina likizo mpaka mwisho wa mwezi. Nitafika Lucky Summer leo jioni, kwa hiyo barua hii sitaituma, nitakupa mkononi uisome nikiwa nimekaa hapo. Niazime spana yako fupi.

Adongo